Mipangilio ya Kipangaji cha Maswali katika Hifadhidata: Somo kwa Watumishi wa Vitengo vya Takwimu

Watumishi wa vitengo vya takwimu wanakumbushwa kuwa hifadhidata inapochelewa kujibu, lawama si ya mtambo daima. Aghalabu mashine ni nzima, umeme upo na mtandao unapita, ila kipangaji cha maswali kimechagua njia ndefu kwa sababu kimepewa makadirio yasiyolingana na hali halisi. Somo hili linahusu mipangilio ya kipangaji hicho. Mfano wake umechukuliwa Mwanza na mwambao wa Ziwa Viktoria, ambako hesabu za visiwani na za nchi kavu hukutana katika taarifa moja, jambo ambalo kila mtumishi wa serikali ya visiwa analifahamu.

Kipangaji ni ile sehemu ya programu ya hifadhidata inayopokea swali, ikatazama njia mbalimbali za kulijibu, ikaipa kila njia gharama yake, kisha ikaifuata iliyo nafuu. Utaratibu huu ulielezwa mwaka 1979 na Patricia Selinger na wenzake wa kampuni ya IBM, na programu nyingi za leo zingali zinaufuata. Hapana budi ieleweke kuwa gharama hiyo ni makisio tu. Kipangaji hakijui kitu ila kile kilichoelezwa.

Taarifa za afya za Tanzania Bara huanzia katika vitabu vya MTUHA vya zahanati na vituo vya afya, kisha huingizwa katika mfumo wa DHIS2, ambao ulikuwa umeenea katika mikoa yote kufikia mwishoni mwa mwaka 2013. Data za mfumo huo hutunzwa katika programu ya PostgreSQL. Ofisa aliyeko Nansio, makao makuu ya Wilaya ya Ukerewe, anapotaka idadi ya wagonjwa wa kichocho kisiwani, jibu lake si la kupamba taarifa. Mwambao wa ziwa umeathiriwa sana na kichocho cha matumbo, na dawa ya praziquantel huagizwa kwa hesabu. Hesabu ikichelewa, dawa nayo huchelewa kuvuka maji.

Swali la ofisa huyo lina njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kusoma jedwali zima mstari kwa mstari na kuchukua wanaohusika. Ya pili ni kufungua faharasa, kama msomaji afunguavyo kurasa za mwisho za kitabu, na kuiendea mistari ya Ukerewe peke yake. Wengi hudhani kusoma jedwali zima ni kosa wakati wote. Sivyo. Mkoa ukitaka jumla ya halmashauri zake zote 8, au Wizara ikitaka jumla ya nchi, kurukaruka kutoka faharasa hadi jedwali kwa kila mstari huchukua muda mrefu kuliko kusoma moja kwa moja tangu mwanzo hadi mwisho.

Mpangilio unaoamua baina ya njia hizo huitwa random_page_cost. PostgreSQL huhesabu kusoma ukurasa unaofuatana na mwingine kuwa gharama ya 1, na kuruka hadi ukurasa wa mbali kuwa gharama ya 4. Kiasi hicho kiliwekwa kwa kuzingatia diski za kuzunguka, ambazo sindano yake husafiri kila inaporuka. Diski za kisasa hazina sindano. Mashine yenye diski mpya na mpangilio wa zamani ni kama msafiri wa Sengerema anayeendelea kuhesabu saa za kungoja kivuko cha Kigongo, ilhali Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025. Barabara imebadilika, ila hesabu yake haijabadilika. Mwongozo wa DHIS2 wenyewe hupendekeza kiasi cha 1.1 kwa diski hizo mpya.

Mpangilio wa pili, work_mem, unahitaji tahadhari kubwa zaidi. Huu ni kumbukumbu inayoruhusiwa kwa kazi moja ya kupanga au kulinganisha mistari, na kiasi chake cha awali ni megabaiti 4. Kikizidi kuwa kidogo, kazi humwagikia kwenye diski na kuzorota. Basi mtu hushawishika kukipandisha hadi 256. Anachosahau ni kuwa kiasi hicho si cha mashine nzima, wala si cha mtumiaji mmoja, bali ni cha kila kazi ndani ya kila swali. Watumiaji 40 wenye kazi mbili kila mmoja wataweza kudai zaidi ya gigabaiti 20. Mwanzoni mwa mwezi, wilaya zote zinapoingiza taarifa kwa pamoja, seva yenye gigabaiti 16 itaanguka siku ile ile inayohitajika zaidi. Ni bora kiasi kikubwa kiwekwe kwa swali moja zito la usiku, na wengine wabaki na kiasi cha wastani.

Mipangilio hii yote ni bure ikiwa kipangaji hakina habari za data zenyewe. PostgreSQL hukusanya habari hizo kwa sampuli, na kwa kawaida huzikusanya upya baada ya takriban asilimia 10 ya mistari kubadilika. Kwa jedwali lenye mistari milioni 20, hiyo ni mistari milioni 2. Taarifa za mwezi mpya zaweza kuwamo zote, na kipangaji kisiwe na habari nazo. Amri ya ANALYZE itolewe mara uingizaji mkubwa unapokwisha, pasipo kungoja.

Lipo jambo jingine ambalo Ukerewe hulidhihirisha. Na ichukuliwe kuwa katika jedwali lenye mstari mmoja kwa kila mgonjwa, mstari 1 kati ya 100 ni wa Ukerewe, na 1 kati ya 100 ni wa kichocho. Kipangaji huzidisha sehemu hizo na kutarajia mstari 1 kati ya 10,000, kwa kudhani kuwa maradhi yamesambaa sawasawa nchini. Kichocho hakikusambaa hivyo. Kiko penye maji. Kipangaji kitajiandaa kwa mistari michache na kukutana na mingi mno, na njia iliyofaa kwa michache itachukua saa. Tangu toleo la 10 la mwaka 2017, amri ya CREATE STATISTICS humwezesha msimamizi kukieleza kipangaji kuwa safu fulani zina uhusiano. Wasimamizi wengi hawaitumii, na hilo ni la kusikitisha, kwani huponya kile ambacho kuongeza kumbukumbu hakuponyi.

Kabla ya kugusa lolote, swali litanguliwe na neno EXPLAIN, ili njia iliyochaguliwa ionekane. EXPLAIN ANALYZE huonyesha makadirio pamoja na idadi halisi, na pengo baina ya hizo mbili ndilo la kutazamwa kwanza. Tahadhari: amri hii ya pili hulitekeleza swali kwa kweli. Ikitangulia amri ya kufuta, data zitafutika.

Mpangilio ubadilishwe mmoja mmoja, kwanza ndani ya kikao cha mtumiaji mmoja kwa amri ya SET, na swali lipimwe zaidi ya mara moja, kwa kuwa mara ya pili data huwa zimekwisha kuingia katika kumbukumbu. Kiasi kipya kikithibitika, ndipo kiandikwe katika faili la mipangilio ya seva. Katika daftari la mtambo viandikwe kiasi cha zamani, kiasi kipya, tarehe, na swali lililotumika kupimia, ili ofisa wa zamu nyingine aweze kurejesha hali ya awali.