Kaviari: Mtaji hupona au hupotea kwa kifaranga wa siku kumi

Kaviari, yaani mayai ya samaki aina ya stajoni yaliyotiwa chumvi, ni miongoni mwa vyakula vyenye bei ya juu kabisa duniani. Bei hiyo ndiyo inayowavuta watu kuweka fedha katika ufugaji wa samaki huyo. Hata hivyo, anayetazama bei ya kopo dukani anatazama mwisho wa biashara. Mtaji huanza kupona au kupotea mapema zaidi, katika wiki tatu za kwanza za maisha ya kifaranga, ndani ya matangi ambayo mwekezaji mdogo ni nadra kuonyeshwa.

Somo la wiki hii linaeleza kinachotokea katika matangi hayo, na jinsi hesabu yake inavyoingia katika faida.

Soko lilivyohama kutoka porini

Kwa miaka mingi kaviari ilitoka kwa samaki wa porini, hasa wa Bahari ya Kaspi na mito inayoingia humo. Uvuvi wa kupita kiasi, mabwawa ya umeme yaliyofunga njia za samaki kwenda kutaga, na ujangili ulioshamiri baada ya kuvunjika kwa Muungano wa Kisovieti mwaka 1991, vilipunguza samaki hao vibaya. Kuanzia tarehe 1 Aprili 1998, biashara ya kimataifa ya stajoni wa aina zote iliwekwa chini ya mkataba wa CITES. Mwaka 2022 shirika la uhifadhi la IUCN lilitangaza kuwa aina zote 26 zilizobaki ziko katika hatari ya kutoweka.

Ufaransa ni mfano mzuri wa jinsi ufugaji ulivyochukua nafasi ya uvuvi. Stajoni wa mto Gironde alipigwa marufuku kuvuliwa mwaka 1982. Wakati huo wataalamu wa nchi hiyo walikuwa tayari wamepokea stajoni wa Siberia kutoka Urusi ya Kisovieti katika miaka ya 1970, kwa ajili ya utafiti. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mashamba ya kusini-magharibi mwa Ufaransa yakaanza kutoa kaviari ya kufugwa. Leo China ndiyo mzalishaji mkubwa kuliko wote, na kaviari ya mashamba yake ilipoongezeka sokoni katika miaka ya 2010, bei ya jumla ilishuka.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba mfugaji hana uwezo juu ya bei. Anachoweza kukidhibiti ni gharama yake, na gharama hiyo huanzia kwa kifaranga.

Siku tisa za akiba

Stajoni wa kufugwa hatagi mwenyewe bwawani. Huchomwa sindano ya homoni, mayai yakakamuliwa na kurutubishwa kwa mkono. Mayai hayo yananata, hivyo huoshwa kwa maji yenye udongo laini wa mfinyanzi au poda ya talki ili yasigandane. Yakigandana, ya katikati hukosa hewa, huoza, na ukungu huenea hadi kwa yaliyo mazima.

Kwa stajoni wa Siberia, mayai huanguliwa baada ya takriban wiki moja, kutegemea joto la maji. Kifaranga hutoka akiwa na urefu wa sentimita 1 hivi, na tumboni amebeba mfuko wa kiini cha yai. Hali chochote, anaishi kwa akiba hiyo. Katika maji ya nyuzi 18 za Selsiasi, akiba hutosha kwa siku 9 hadi 10.

Mwanzoni vifaranga huogelea kuelekea juu. Baada ya siku chache hushuka na kujikusanya kwa makundi mazito kwenye sakafu ya tangi. Mgeni anaweza kudhani wanaumwa, kumbe ni tabia yao. Kinachotakiwa wakati huo ni maji safi yanayopita taratibu, oksijeni ya kutosha na joto lisilopanda na kushuka. Maji ya kisima yanayosukumwa na pampu hupitishwa kwanza mahali pa kuyapunguzia gesi, kwa sababu gesi iliyozidi hutengeneza mapovu mwilini mwa kifaranga na kumuua.

Wiki ya hatari

Siku ya kuanza kulisha ndiyo siku ngumu kuliko zote. Chakula kikiwekwa mapema, hakuna anayekila. Kinaoza chini ya tangi na kuchafua maji. Kikichelewa, vifaranga hudhoofu, na aliyekaa na njaa siku nyingi hawezi tena kula hata akiwekewa chakula mbele yake.

Kuna alama ya kuangalia. Kifaranga ambaye hajaanza kula ana kizibo cheusi mwishoni mwa utumbo. Anapokuwa tayari, hukitoa, na vizibo hivyo huonekana chini ya tangi kama chembe nyeusi. Wakati huohuo makundi ya sakafuni huvunjika na vifaranga hutawanyika kutafuta chakula. Mhudumu mzoefu huanza kulisha pale anapoziona chembe za kwanza, bila kungoja kundi zima limalize.

Stajoni hula chini na hutafuta chakula kwa kunusa na kuonja kwa sharubu zake. Hategemei sana macho. Kwa hiyo chakula lazima kizame, kienee tangi zima, na kitolewe kidogokidogo mchana na usiku. Vituo vingi huanza na artemia, vijidudu vya maji ya chumvi vinavyoanguliwa na kutolewa vikiwa hai, kisha huwahamishia vifaranga kwenye chakula kikavu. Stajoni wa Siberia anaweza kuanzishiwa chakula kikavu moja kwa moja, lakini aina nyingine hazikikubali kwa urahisi.

Vifo vingi hutokea katika siku hizi. Wasiojua kula hufa kwa njaa, wengine hung'atwa mikia na wenzao, na majeraha huvuta ukungu. Ndiyo maana vifaranga hutenganishwa kwa ukubwa, na waliokufa huondolewa kila siku. Umeme ukikatika usiku na jenereta lisiwake, tangi lililojaa vifaranga linaweza kumalizika kabla ya alfajiri.

Hesabu ya kifaranga mmoja

Chukua mfano wa kubuni. Kituo kimetumia shilingi milioni 12 kwa kundi moja: homoni, umeme, chakula, mishahara. Vifaranga 60,000 wameanguliwa. Kwa hesabu ya siku hiyo, kila mmoja amegharimu shilingi 200.

Wakivuka wiki ya hatari 30,000, kila aliyebaki amegharimu shilingi 400. Wakivuka 12,000 tu, amegharimu shilingi 1,000. Fedha iliyotumika ni ileile. Kilichobadilika ni idadi ya walio hai.

Hesabu haiishii hapo. Kaviari hutoka kwa majike, na takriban nusu ya kundi ni madume. Jinsia haionekani kwa nje. Hupimwa kwa altrasaundi samaki akiwa na miaka 3 hivi. Wale 12,000 wana majike 6,000, hivyo kila jike tayari ana shilingi 2,000 mgongoni kabla ya kuhesabiwa chakula cha miaka yote iliyobaki. Stajoni wa Siberia shambani huchukua miaka 7 au 8 kufikia kutoa kaviari. Beluga huchukua zaidi ya hapo. Madume huuzwa kwa nyama, ambayo bei yake haikaribii ya kaviari.

Kifaranga aliyedhoofishwa na njaa akiwa na siku 12 anaweza kuishi, lakini hukua polepole na kula chakula cha mwekezaji kwa muda mrefu kuliko mwenzake. Hasara ya namna hiyo haionekani kwenye daftari la vifo.

Upande wetu wa Bahari ya Hindi

Stajoni ni samaki wa maji baridi, na hafai kwa maji ya joto ya pwani. Mradi uliofika karibu ni wa nyanda za juu za Madagaska, kando ya Ziwa Mantasoa, ambao kaviari yake iliingia sokoni mwaka 2017. Ulianza kwa mayai yaliyorutubishwa kutoka nje.

Lakini somo la kifaranga linawahusu hata wasiofikiria stajoni. Kambare wa Ziwa Viktoria, ambaye vifaranga wake hununuliwa na wafugaji na pia na wavuvi wa sangara kama chambo, hupita mlango uleule kwa haraka zaidi. Katika maji ya nyuzi 28 huanguliwa baada ya siku moja hivi, na akiba ya kiini humalizika baada ya siku 2 au 3. Mwenye kituo cha kambare ana siku moja ya kukosea pale ambapo mwenye stajoni ana siku kadhaa.

Kuna pia biashara ya pembeni. Artemia waliingizwa katika mashamba ya chumvi ya pwani ya Kenya, eneo la Malindi, katika miaka ya 1980. Mayai yao makavu ni bidhaa ya kimataifa, na kila kituo cha vifaranga kinachoyatumia ni mteja.

Maswali kabla ya kutoa fedha

Mwekezaji anayeletewa andiko la mradi wa stajoni, au wa samaki yeyote anayeanzia kwenye kifaranga, aulize haya:

1. Kati ya vifaranga 100 walioanguliwa, wangapi walikuwa hai baada ya siku 30? Aonyeshwe daftari la makundi yote, si la kundi bora peke yake.

2. Mayai au vifaranga wanatoka wapi, na kibali cha CITES kiko wapi? Kopo la kaviari linalovuka mpaka lazima liwe na lebo yenye alama ya aina ya samaki, nchi, na kama alifugwa au ni wa porini. Bila hati hizo, mzigo hukamatwa.

3. Nani hukaa na matangi usiku, na jenereta lilijaribiwa lini?

4. Mradi utaishi kwa fedha gani kati ya mwaka wa kwanza na wa nane?

Andiko linaloanza na bei ya kaviari na kukosa jibu la swali la kwanza halijakamilika. Mwekezaji alirudishe, na aombe kuliona tangi la vifaranga kabla ya kuweka sahihi.