Mwanao anaanza chuo? Chanjo kwanza, mabegi baadaye

Septemba 2020 wanafunzi wapatao 1,700 wa Manchester Metropolitan University waliambiwa wajifungie mabwenini siku 14 kwa sababu ya korona. Wengi ndiyo kwanza walikuwa wametoka nyumbani. Bwenini maradhi hupita upesi, basi kabla ya kununua sufuria na mashuka fanyeni haya:

1. Chanjo. Muulizeni GP kama amepata MenACWY, ya homa ya uti wa mgongo, na dozi mbili za MMR, ya surua. Aliyeikosa MenACWY shuleni huipata bure kabla hajatimiza miaka 25. Afadhali wiki mbili kabla ya kuondoka.

2. GP. Akihamia mji mwingine, ajiandikishe wiki ya kwanza. Asingoje kuumwa.

3. Mfuko wa dawa. Paracetamol, kipimajoto, na dawa zake za kila siku kama ana pumu au selimundu. Ushauri ni namba 111, dharura 999.

4. Dalili. MenACWY haizuii aina ya B. Homa kali, kichwa kuuma, shingo kukakamaa, kutapika, kuchanganyikiwa: pigeni 999, msingoje vipele. Kwenye ngozi nyeusi vipele hujificha. Tazameni viganja, nyayo na ndani ya kope.

5. Jirani. Homa hii humzidia mtu kwa saa chache, akashindwa hata kushika simu. Apatane na mwenzake wa chumba cha pili: mmoja akiugua, mwingine amgongee mlango, usiku pia.