Somo: Moshi Hauishii Penye Moto

Usiku wa Julai 10, 2021, moto uliteketeza Soko Kuu la Kariakoo. Moto huzimwa ulipo. Moshi husafiri na upepo hadi vyumbani mwa wasiouona moto. Chembe zake zisizozidi maikromita 2.5 huzama ndani ya mapafu, na baadhi huingia katika damu. Watoto, wajawazito, wazee na wagonjwa wa pumu au moyo huathirika zaidi.

Jengo lenyewe likiungua, watu watoke mara moja na kupiga simu ya Zimamoto, 114. Moshi ukitoka mbali, yafuatayo yazingatiwe:

1. Madirisha yafungwe, na tambara bichi lizibe upenyo chini ya mlango.
2. Jiko la mkaa lisiwashwe ndani.
3. Barakoa ya kitambaa isitegemewe. Chembe hizo huipenya.
4. Nyumba isipozibika, wagonjwa wahamishiwe kusikoelekea moshi.

Moto wa soko hautokei kila siku. Maboksi na plastiki zinazochomwa vichochoroni huleta madhara hayo kila siku. Zikabidhiwe wazoa taka. Kinga ya jirani huanzia uani.