Ulimi Nao Hufundishika





MZAZI: Mwalimu, nimekuja na swali. Kwa nini mtoto hukataa mchunga, mnavu na karela hata akalia, lakini mtu mzima hupita sokoni akizitafuta mboga hizohizo? Wazazi wengi huona ni deko tu.

MWALIMU: Si deko. Mtoto anayetema mchunga anatenda jambo alilozaliwa nalo. Miaka ya 1970 mtafiti Jacob Steiner aliwaonjesha watoto wachanga, wengine wakiwa na saa chache tu duniani. Waliopewa kitamu walilegeza uso na kufyonza. Waliopewa kichungu walikunja uso na kukitoa kwa ulimi. Hakuna aliyewafundisha. Sababu ya kukataa uchungu ni kwamba mimea mingi hujikinga na wadudu na wanyama kwa sumu, na sumu nyingi za mimea ni chungu. Muhogo mchungu tunaujua: una viini vinavyozaa sayanaidi, na ulipoliwa bila kuandaliwa vizuri, hasa nyakati za njaa, umewaachia watu wa Kongo, Msumbiji na hapa kwetu Tanzania ugonjwa wa konzo unaopoozesha miguu. Ndiyo maana binadamu ana aina zipatazo 25 za vipokezi vya uchungu. Chukulia kwamba uchungu ni mlinzi wa mlangoni. Mtoto hajui kipi kinaua na kipi kinajenga, kwa hiyo mlinzi wake humzuia kila mgeni.

MZAZI: Kama mlinzi huyo ana haki, kwa nini tumwambie afungue mlango?

MWALIMU: Kwa sababu anatambua ladha tu, hatambui chakula. Mnavu una madini ya chuma na vitamini A ambavyo mtoto anavihitaji, lakini ulimi hauna namna ya kuvionja. Ujuzi huo umo kwa watu. Jikoni, kisamvu hutwangwa na kuchemshwa muda mrefu ili sumu itoke. Mchunga huchemshwa, maji yakamwagwa, majani yakakamuliwa, ndipo yakaungwa kwa tui la nazi au karanga. Kazi iliyobaki ni kuufikisha ujuzi huo kwenye ulimi wa mtoto, na ulimi hauelewi hotuba. Unaelewa jambo moja: nimeonja, nimeona wenzangu wanakula, na sikudhurika. Mara moja haitoshi. Tangu miaka ya 1980, Leann Birch na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba watoto wadogo hupenda zaidi chakula kipya kadiri wanavyokionja mara nyingi. Tafiti za baadaye zimeona kwamba mara nyingi huhitajika kuonja mara 8 hadi 15 kabla ya kukipokea. Mzazi anayekata tamaa baada ya siku ya tatu ameacha somo katikati, kisha anasema mtoto wake hapendi mboga.

MZAZI: Lakini Mwalimu, si umri tu unaofanya kazi hiyo? Wanasema ulimi wa mtu mzima umefifia, hausikii tena uchungu kama wa mtoto.

MWALIMU: Upo ukweli humo. Watoto hupenda utamu mkali kuliko watu wazima, na hisi ya kunusa hupungua uzeeni. Lakini pima hoja hiyo mara mbili. Kwanza, wengi huanza kupenda mboga chungu wakiwa vijana, miaka mingi kabla ya uzee kuwafikia. Pili, kama kufifia kwa ulimi kungekuwa sababu yote, wazee wa dunia nzima wangependa vyakula vilevile. Haiko hivyo. Japani mtu hupenda natto, yaani soya iliyochachushwa ikanuka na kuvutika. Zanzibar mtu hupenda papa mkavu. Ukibadilisha sahani zao, kila mmoja atakunja uso mbele ya chakula cha mwenzake, hata kama wote wana miaka 60. Kinachowatenganisha ni chakula walichokizoea na watu waliokula nao. Isitoshe, mazoea yanaweza kuanza kabla ya kuzaliwa. Mwaka 2001 Julie Mennella na wenzake walichapisha utafiti ambamo akina mama walikunywa maji ya karoti wakiwa wajawazito au wakinyonyesha. Watoto wao walipoanza kula, waliupokea uji wenye ladha ya karoti vizuri kuliko watoto wengine. Umri peke yake haukuwa umewafanyia lolote.

MZAZI: Na wale ambao mpaka wanazeeka hawapendi? Wamekula mara mia, na bado wanasukuma sahani.

MWALIMU: Hao wapo, na tusiwaite wakaidi. Mwaka 1931 mkemia Arthur Fox alikuwa maabarani unga fulani ulipopeperuka. Mwenzake akalalamika kuwa ni mchungu. Fox hakuhisi kitu. Baadaye ilijulikana kwamba tofauti hiyo ni ya kurithi, na sehemu kubwa yake inatokana na jeni moja ya kipokezi cha uchungu. Kwa hiyo watu wawili wakila bakuli moja la mnavu, mmoja huweza kuonja uchungu mkali kuliko mwenzake. Hilo linaifanya safari ya wengine kuwa ndefu, na wachache hawafiki. Lakini halivunji hoja, kwa sababu wengi waliozaliwa na ulimi mkali hula mboga chungu na kuzifurahia. Kurithi kunaamua pa kuanzia. Pa kufikia panategemea pia malezi.

MZAZI: Basi hapo nina hofu. Bia ni chungu, tumbaku ni kali, na watu huvizoea hivyohivyo. Kumbe mazoea hayohayo yanaweza kumpoteza mtu?

MWALIMU: Umeuliza jambo zito, na jibu ni ndiyo. Mtu huonja akachukia, akarudia kwa sababu ya wenzake, mwishowe akapenda. Tena tumbaku na pombe huongeza uraibu unaomfunga. Ndiyo maana kupenda kitu hakuthibitishi kuwa ni kizuri. Kupenda kunatuambia tu kwamba mtu amefundishwa. Hapo ndipo wajibu wa mzazi ulipo. Ulimi wa mtoto utafundishwa kwa vyovyote: kama si na sufuria ya nyumbani, basi na soda ya dukani na vitafunwa vya pakiti, ambavyo havihitaji mwalimu kwa kuwa utamu na chumvi vinapendwa upesi. Anayesema atamwacha mtoto achague mwenyewe amemkabidhi kwa mwalimu mwingine.

MZAZI: Nifanyeje basi? Wengine hushika fimbo, wengine huahidi soda: maliza mboga nikupe.

MWALIMU: Fimbo humfundisha mtoto kwamba mboga ni adhabu. Soda nayo humfundisha kwamba mboga ni karaha inayostahili malipo. Mwaka 1984 Birch na wenzake waliwapa watoto zawadi kwa kunywa kinywaji fulani, na baadaye watoto hao walikipenda kidogo kuliko mwanzo. Iko njia bora, nayo tunayo katika mapishi yetu. Kahawa chungu ya pwani hunywewa kwa tende, halua au kashata, na tui la nazi huupa mchunga mafuta na utamu. Huko ni kuupa ulimi rafiki unayemjua ili umpokee mgeni. Anza kwa kuchanganya mchunga na mchicha, kisha ongeza mchunga kidogo kidogo. Mtilie mtoto kijiko kimoja, na wewe kula mbele yake kwa hamu. Akionja akatema, usigombe. Kesho kutwa mtilie tena. Na usiiite mboga hiyo chakula cha shida, kwa sababu mtoto hupokea dharau yako pamoja na tonge. Nairobi mboga kama managu na sageti zilidharauliwa kwa miaka mingi kuwa chakula cha kimaskini. Watafiti kama Profesa Mary Abukutsa-Onyango walipoeleza thamani yake, na watu wakazionja upya, zikapanda hadi kwenye rafu za supamaketi.

MZAZI: Nimeelewa, Mwalimu. Kumbe kazi ni ya subira.

MWALIMU: Ni ya subira na ya kila siku. Mtoto akikataa leo, hajakosa adabu na wewe hujashindwa. Pika tena wiki hii, mtilie kijiko chake, mle pamoja.