Somo la Riwaya: Ni Nani Anayetusimulia Vita?

Safari hii twaacha kidogo masomo ya Maandiko tuingie katika riwaya, nayo ni riwaya ya vita. Kikundi chetu cha usomaji kitakutana Jozani, chini ya mitondoo, na wenzetu wameomba maelezo ya kuwatangulia. Kitabu ni The Book of Secrets, yaani Kitabu cha Siri, cha M. G. Vassanji, kilichotolewa mwaka 1994. Mwandishi alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akakulia Dar es Salaam, kisha akahamia Kanada. Kitabu hiki ndicho cha kwanza kabisa kupata tuzo ya Giller ya nchi ile. Kimeandikwa kwa Kiingereza, lakini wasiokiweza Kiingereza wasibaki nyumbani. Aliyesoma atamweleza mwenziwe.

Riwaya za vita ni nyingi, na nyingi kati yake husimuliwa na askari, au na sauti isiyo na jina, ijuayo kila kitu kana kwamba imeketi juu ya paa. Wako waandishi walioona kwamba njia hizo hazitoshi. Markus Zusak wa Australia, katika riwaya yake The Book Thief ya mwaka 2005, amempa Mauti mwenyewe kazi ya kusimulia habari za Ujerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Vassanji amechagua msimulizi wa kawaida zaidi, na kwa maoni yetu wa ajabu zaidi: mwalimu mstaafu. (Walimu wastaafu wa parokia hii wasijivune, ngojeni mwone yaliyompata.)

Mwalimu huyo ni Pius Fernandes, Mgoa, aliyefika Dar es Salaam mwaka 1950 kufundisha. Mwaka 1988 mwanafunzi wake wa zamani, Feroz, mwenye duka la viatu, anamletea daftari kuukuu lililokutwa nyuma ya duka lake. Ni daftari la kumbukumbu za kila siku la Alfred Corbin, ofisa kijana wa serikali ya Waingereza, alilolianza mwaka 1913 na kuliendeleza huko Kikono, karibu na mpaka wa Wajerumani na Waingereza. Msihangaike kuitafuta Kikono katika ramani, maana ni mji wa kubuni. Lakini Taveta na Voi ni miji ya kweli, na vita vilivyopita huko ni vya kweli. Wajerumani waliiteka Taveta mwezi Agosti 1914. Waingereza walijaribu kilima cha Salaita mwezi Februari 1916 wakarudishwa nyuma, na Taveta yenyewe hawakuipata tena mpaka Machi. Sisi wa Unguja vita hivyo vilitufikia mapema: tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliipiga Pegasus ya Waingereza hapa bandarini ikaizamisha, na makaburi ya mabaharia yako kisiwani Chapwani.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Asomaye kitabu hiki atasikia sauti tatu, na asipozitenga atapotea. Ya kwanza ni ya Corbin katika daftari, asemaye "mimi" na kuandika ayaonayo siku ile ile. Ya pili ni hadithi ya Pipa, mfanya biashara, na mkewe Mariamu, ambayo husimuliwa kama visimuliwavyo vitabu vyote, "alikwenda, alisema, aliwaza". Ya tatu ni ya Pius mwenyewe, akieleza anavyochunguza na yanayompata katika kuchunguza. Wanafunzi wetu wa chuo cha ualimu tulikuwa tukiwapa penseli za rangi tatu kwa kitabu cha namna hii. Njia hiyo ni ya kitoto, lakini inafaa.

Ukiisha kutia rangi, utaona jambo ambalo msomaji wa haraka hulipita. Daftari linaibiwa vita vinapofika. Mariamu ndiye aliyelichukua, na Corbin hakuliandika tena. Basi pale hasa mizinga inapoanza kulia, hati inanyamaza! Habari za Pipa kubanwa baina ya Wajerumani na Waingereza, kila upande ukimtaka awe mpelelezi wake, na habari za kuuawa kwa Mariamu, hazimo katika daftari. Pius amezikusanya kwa kuuliza watu, kwa kusoma vitabu vya historia, na mahali pengine kwa kukisia. Vita katika riwaya hii vimejengwa na mtu ambaye hakuwapo, aliyezaliwa Goa, miaka zaidi ya sabini baadaye.

Je, tumwamini? Hapa ndipo mjadala wa Jozani utakapokuwa mkali, nasi twapenda uwe mkali. Mwongozaji mzuri wa msituni akimwona kima punju mtini humwonyesha mgeni kwa kidole. Akisikia tu matawi yakivunjika, husema amesikia matawi. Pius hufanya hivyo mara nyingi. Hutuambia wapi ana hati na wapi hana. Katika hili anamkaribia Mtakatifu Luka, ambaye hakuwa mmoja wa wale Thenashara, na ambaye mwanzoni mwa Injili yake anamweleza Theofilo kwamba ameyafuatilia mambo kwa bidii kutokana na walioyashuhudia. Kutokuwapo si dhambi ya msimulizi.

Lakini Pius si mwongozaji tu. Kadiri anavyofuata habari za daftari, zinamrudisha kwa Rita, mwanafunzi wake wa zamani aliyempenda bila kuthubutu kusema. Rita aliolewa na Ali, mwana wa Mariamu, wakaenda zao London. Na Ali huyu ni mwana wa nani, wa Pipa au wa Corbin? Swali hilo limemtafuna Pipa maisha yake yote, na daftari ambalo pengine lina jibu alilificha kama kitu kitakatifu, ingawa hakuweza kulisoma. Kwa hiyo mwalimu wetu anachunguza nyumba ambayo yeye mwenyewe ana kidonda ndani yake. Tunaposoma asemavyo juu ya Rita, hatuna budi kuuliza anasema kama mchunguzi au kama mtu aliyeachwa. Rita anaporudi na kuzungumza naye, linazuka swali jingine: siri za marehemu ni mali ya nani? Hatutasema mwisho wake.

Kitabu kina upungufu, wala hatuoni sababu ya kuuficha. Sehemu ya Dar es Salaam baada ya vita ni ndefu kuliko inavyostahili. Zito zaidi ni hili, kwamba Waafrika waliobeba vita vile mabegani hupita nyuma tu ya hadithi. Wanahistoria hukadiria kwamba wapagazi waliokufa upande wa Waingereza walikaribia 100,000, wengi kwa maradhi na njaa. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927, inawataja wapagazi pamoja na askari, lakini haina jina hata moja. Jina la Kariakoo, linalotokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, limebaki kwa wauza nguo na mboga.

Na sisi wa dayosisi hii hatuwezi kusema hayatuhusu. Mwaka 1916 Askofu Frank Weston aliongoza kikosi cha wapagazi kutoka Unguja kwenda bara, akapewa cheo cha meja, akatembea nao kwa miguu. Weston anatajwa kila mahali. Waliobeba mizigo hatuna daftari lao. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, katika riwaya yake ambayo Ida Hadjivayanis ameitafsiri kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, anatufikisha mpaka siku askari wa Wajerumani wanapopita wakikusanya watu kwa nguvu, na hapo anakoma. Someni ukurasa wake wa mwisho kabla ya kuja, mlinganishe.

Kwa mkutano wetu, kila mmoja aje na sehemu moja aliyoitia rangi mbili, yaani mahali ambapo hakuweza kuamua kama ni hati inayosema au ni Pius. Akina mama wa kikundi tunawaomba wamshughulikie Mariamu: ndiye aliyeiba daftari, na hakuna sauti inayosema "mimi" kwa niaba yake. Na aliye na babu au bibi aliyesikia nyumbani kwao habari za wapagazi wa mwaka 1916, amwulize sasa, aandike maneno kama yalivyosemwa, na atie jina la msemaji chini yake.