Waya wa Tatu Una Kazi Gani?

Wenzangu, hapa Nakuru mara nyingi naona mtu akichomeka nyaya za grainda kwenye soketi kwa njiti za kiberiti, waya wa tatu ukining'inia. Jameni! Umeme wa nyumbani Kenya ni volti 240. Waya wa kahawia huuleta, wa buluu huurudisha. Ule wa kijani na manjano huupeleka ardhini ukivuja kwenye chuma cha mashine. Usipoungwa, njia ni mwili wako, hasa ukisimama penye maji. Fyuzi ya ampea 13 haitakuokoa, kwani ampea 0.1 tu yaweza kuua. Basi tufungeni plagi yenye nyaya zote tatu. Wahenga walinena, tahadhari kabla ya hatari.