Biokemia si Makombo ya Udaktari

*Shangazi, mimi ni msichana wa Tiira, wilaya ya Busia, Uganda. Niliomba udaktari nikapewa biokemia. Sasa niko mwaka wa pili, nimeanguka mtihani, na kila nikirudi nyumbani naulizwa nitaanza lini kutibu watu. Kaka yangu anachimba dhahabu, na ndiye anayenilipia karo. Siku hizi damu inapimwa na mashine. Kreatinini na hatua za kuvunja sukari zitanisaidia nini Tiira? Nataka kuacha. — Niliyekwama*

Mwanangu Niliyekwama, pole. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilisikia mtihani, mara ya pili nikasikia msiba. Ulikwisha kujiona ndani ya koti jeupe, majina yakatoka, la kwako likawa kwenye orodha nyingine. Hakuna aliyekuja kukupa pole. Waliokuja walikuja na maswali. Huzuni hiyo ni halali yako, ila usiiachie ikuamulie maisha.

Nianze na mashine, maana hapo ndipo ulipojidanganya zaidi. Tuseme mama mmoja wa Tiira amefunga usiku kucha, asubuhi akatolewa damu. Sukari yake ni milimoli 8 kwa lita, na kwa mtu aliyefunga, kuanzia 7 tunazungumzia kisukari. Damu inatiwa kwenye kichupa cha kawaida, inapakiwa bodaboda, inacheleweshwa njiani, inafika maabara ya mjini baada ya saa 4. Mashine ni nzima kabisa. Inasoma 6 na kidogo, na mama anaambiwa arudi nyumbani, hana neno.

Sukari imekwenda wapi? Imeliwa njiani. Chembe nyekundu zikishatoka mwilini haziachi kula. Zinaendelea kuvunja glukosi humo kichupani, na katika joto la kawaida huipunguza kwa kiasi cha asilimia 5 hadi 7 kila saa. Zinaivunja kwa hatua zile zile 10 zilizokuliza usiku wa kuamkia mtihani. Kile kichupa cha kifuniko cha kijivu kimewekwa floridi, ambayo huziba hatua ya 9. Na kwa kuwa inaziba karibu na mwisho, hatua za mwanzo huendelea kula sukari kwa muda, kwa hiyo hata kichupa hicho hakitaki kukawizwa. Barabara mbovu nayo ina yake: chembe zikipasuka, potasiamu iliyokuwa ndani humwagika, na mtu mzima wa afya akaonekana kama moyo wake uko hatarini. Mashine haiyajui haya. Anayeyajua ni yule aliyeielewa njia ya sukari, na huyo ndiye unayesomea kuwa.

Sasa turudi nyumbani kwenu. Unajua kuliko mimi dhahabu inavyokamatwa: mawe yanasagwa, mchanga unaoshwa, zebaki inachanganywa kwa mikono ndani ya beseni, kinachobaki kinakamuliwa kwa kitambaa, kisha kinachomwa juu ya makaa. Mvuke wake hauonekani wala haunuki. Ukivutwa, kiasi cha asilimia 80 hubaki mwilini, na viungo vinavyoumia zaidi ni ubongo na figo. Mikono inatetemeka, mtu anakuwa msahaulifu, mkojo unaanza kubeba protini. Dunia ilianza kuufahamu ugonjwa wa zebaki wa Minamata, Japani, mwaka 1956, ingawa kule zebaki ilitoka kiwandani ikawafikia watu kupitia samaki. Mkataba wa kimataifa wa kuidhibiti, uliopitishwa 2013, umepewa jina la mji huo, na wachimbaji wadogo kama kaka yako wametajwa ndani yake.

Mchimbaji anayevuta mvuke ule hupimwa zebaki kwenye mkojo. Lakini aliyeshinda shimoni akitokwa jasho ana mkojo mzito, na aliyekunywa maji mengi ana mwepesi. Ukilinganisha namba zao hivi hivi, umewadhulumu wote wawili. Kwa hiyo zebaki hulinganishwa na kreatinini, takataka ya misuli ambayo mwili huitoa kwa kiasi kisichobadilika sana siku hadi siku. Umeniuliza kreatinini itakusaidia nini Tiira. Mwanangu, kama kuna mahali inapohitajika, ni Tiira!

Nisikufiche na upande mgumu. Uganda na Kenya zote mbili zinataka anayepima wagonjwa awe amesajiliwa. Uganda ilitunga sheria yake 1996, Kenya 1999. Usajili hutegemea kozi uliyosoma, na shahada ya biokemia tupu si sawa na shahada ya sayansi ya maabara za tiba. Usingoje hadi mahafali ndipo uulize. Nenda kwa mkuu wa idara yako wiki hii, umuulize waziwazi: shahada hii itasajiliwa, au nitahitaji masomo ya nyongeza? Akikujibu kwamba haisajiliwi, bado una njia: utafiti wa malaria unaofanyika hapo Tororo, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, ng'ambo ya mpaka, maabara ya serikali ya uchunguzi wa sumu kule Wandegeya, viwanda vya dawa na vya chakula. Ukiona moyo wako uko kwa wagonjwa, omba kuhamia kozi ya maabara mapema. Kuhama ukijua unakokwenda si kushindwa. Kuondoka kwa hasira ndiko ninakokukataza.

Na kaka yako? Umeandika kwamba ndiye anayekulipia karo, wala hukusema yeye anataka nini. Unataka kuacha, na husemi kama umemuuliza. Ukienda likizo, keti naye. Mwambie umeanguka mtihani. Mkweli hupungukiwa na aibu haraka. Kisha umweleze unachokijua kuhusu ule mvuke: asichome zebaki ndani ya nyumba wala karibu na jiko la chakula, watoto na wajawazito wakae mbali, na kama wenzake wanaweza kuchanga wanunue chombo cha chuma kinachofunika mchanganyiko unaochomwa na kuurudisha mvuke kuwa zebaki, wataokoa mapafu na pesa pia. Usimpime wala usimtangazie ugonjwa. Akiwa na dalili, mpeleke hospitali. Ila hatasahau kwamba karo yake imerudi nyumbani kama maarifa.

Wale wanaokuuliza utatibu lini, wajibu kwa upole: daktari akitaka kujua figo za mtu zinasemaje, huwangoja watu wa kazi yangu. Ukilisema hilo mara tatu, utaanza kuliamini mwenyewe.

Kuanguka mtihani mmoja ni jambo la kusoma upya. Tafuta wenzako wawili, chora hatua zile 10 kwenye karatasi kubwa, na kwenye kila hatua jiulize: ikizibwa hapa, mgonjwa wangu atapata majibu gani? Usiikariri tena kama kasida isiyoeleweka. Rudia mtihani huo, mwanangu, kisha uniandikie. Tiira ina wachimbaji wengi, na inakuhitaji wewe uwasomee mikojo yao kwa haki.